Mafiga Matatu ya Wamaya



Mwaka 1976, katika bonde la Zapotitán nchini El Salvador, tingatinga lilikuwa likisawazisha kiwanja cha kujengea maghala ya nafaka. Likakata ukuta wa nyumba iliyokuwa imezama chini ya jivu la volkano. Kazi ikasimama, akaitwa mtaalamu wa mambo ya kale. Bwana yule akatazama, akaona nyasi za paa bado zipo, akaamua kwamba nyumba ya namna hiyo haiwezi kuwa ya zamani. Tingatinga likaruhusiwa kuendelea, na nyumba nyingine kadhaa zikaenda na kifusi.

Miaka miwili baadaye akafika Payson Sheets, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Colorado. Akaokota nyasi za paa lile lile, akazipeleka maabara zikapimwe. Majibu yakarudi: nyasi zina umri wa miaka 1400 hivi.

Kijiji hicho leo kinaitwa Joya de Cerén, na tangu mwaka 1993 kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Volkano iliyokifukia, Loma Caldera, ilipasuka umbali wa mita 600 tu hivi kutoka kijijini. Jivu lilishuka tabaka juu ya tabaka, mengine ya unyevunyevu, mengine ya moto, hadi nyumba zikafunikwa kabisa. Watu walikimbia, hakuna aliyekutwa amefukiwa ndani. Lakini waliacha kila kitu palepale kilipokuwa. Vyombo vya chakula vilikuwa havijaoshwa, na mikeka ya kulalia ilikuwa bado haijatandikwa, na kwa hiyo wachimbaji wakajua kwamba ilikuwa jioni, watu wamekwisha kula lakini hawajalala. Mahindi shambani yalikuwa yamekomaa na mabua yake yamekunjwa ili yakauke, kwa hiyo ilikuwa kama mwezi wa Agosti.

Niruhusuni nikae kidogo katika kijiji hiki. Kila familia ilikuwa na nyumba ya kulala, ghala lake, na jiko lililojengwa peke yake. Kuta za nyumba ni za fito zilizokandikwa udongo, ukuta mwembamba unaoyumba na tetemeko bila kuanguka. Ghalani palikuwa na maharage ndani ya vyungu, na pilipili zilizofungwa mafungu zikaning'inizwa. Bata alikuwa amefungwa kamba, na panya walikuwa juu kwenye nyasi, kama panya wa kila ghala duniani. Visu vya jiwe la volkano, vyenye makali kuliko wembe, vilichomekwa juu kwenye paa. Sheets anaamini viliwekwa huko ili watoto wasivifikie, na mzazi yeyote anayenisikiliza atamwamini. Familia moja ilikuwa na vyungu, mitungi na mabakuli yapatayo 70, na baadhi yake ni vyombo vya nakshi na rangi vilivyotoka mbali, vimenunuliwa. Hao ni wakulima wa kawaida, si matajiri.

Mimea yenyewe ilioza ndani ya jivu, lakini jivu lilikuwa limekwisha kuganda, likabaki na tundu lenye umbo la mmea. Wachimbaji walimimina plasta ndani ya matundu hayo, aina ile ya madaktari wa meno, ikaganda, wakapata bua la hindi, mti wa kakao, na mkonge uliopandwa karibu na nyumba. Mwaka 2007 wakakuta mihogo, shamba zima, imepandwa juu ya matuta. Na kijiji kilikuwa na chumba cha kuogea mvuke, chenye paa la kuba la udongo, wanamoweza kukaa watu kama kumi na wawili. Si cha mfalme. Ni cha kijiji.

Nimeanza hapa kwa makusudi. Tukitajiwa Wamaya wa kale, wengi wetu tunaona piramidi katikati ya msitu, mfalme mwenye manyoya kichwani, damu, na ile hekaya ya kwamba dunia ingekwisha Desemba 2012, jambo ambalo Wamaya wenyewe hawakulisema. Ni mzunguko mmoja wa kalenda yao uliokuwa unamalizika. Halafu linakuja swali ambalo limewatajirisha watengenezaji wa filamu: Wamaya walikwenda wapi? Jibu langu usiku wa leo ni fupi. Hawakwenda popote. Waliokwenda ni wafalme.

Basi tuwatazame hao wafalme. Nchi ya Wamaya ilienea kutoka Yucatán na Chiapas, kusini mwa Meksiko, ikapita Guatemala na Belize hadi Honduras na El Salvador ya magharibi. Haikuwa dola moja. Ilikuwa miji mingi, kila mmoja na mtawala wake aliyejiita bwana mtakatifu: Tikal, Calakmul, Palenque, Copán, Yaxchilán. Wakati wa neema yao kubwa, kati ya mwaka 250 na 900 hivi baada ya Kristo, miji hiyo iliungana, ikasalitiana na kupigana bila kuchoka. Wataalamu wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walidhani maandishi ya mawe yao yanahusu nyota na hesabu za siku peke yake, kwa hiyo wakawaza taifa la makuhani wapole wanaotazama mbingu. Ni Tatiana Proskouriakoff, mwaka 1960, aliyezipanga tarehe za mawe ya Piedras Negras akaonyesha kwamba ni tarehe za kuzaliwa, kutawazwa na kufa kwa watawala. Yalipoanza kusomeka, ikajulikana yale ni mawe ya kujisifu. Nani alizaliwa na nani, nani alimteka nani.

Na walilipa gharama ya cheo chao, hilo sitawanyima. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London lipo jiwe la juu ya mlango kutoka Yaxchilán. Juu yake Bibi K'abal Xook, mke wa mfalme, amepiga magoti na kupitisha kamba yenye miiba katikati ya ulimi wake, damu ikidondokea karatasi ndani ya kapu. Mumewe amemshikia mwenge. Damu ya wakubwa ndiyo iliyoaminiwa kuwafikia miungu na mababu, na raia alitarajia kwamba kutokana na damu hiyo mvua itanyesha.

Lakini msikilizaji akiyasoma mawe yale yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, hatamkuta mkulima. Hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Ndiyo maana jivu la Cerén lina thamani kwangu kuliko kaburi la mfalme Pakal kule Palenque, pamoja na kinyago chake cha jade. Na ndiyo maana nafurahia pia picha zilizovumbuliwa mwaka 2004 kule Calakmul, zimechorwa kwenye kuta za nje za jengo, zikafunikwa na ujenzi wa baadaye. Ni picha za chakula na bidhaa. Mwanamke anachota uji kutoka mtungini, mwanamume anaunywa kutoka bakulini. Wengine wana chumvi, wengine tumbaku, wengine punje za mahindi, na kando ya kila mtu yameandikwa maneno machache tu: mtu wa uji, mtu wa chumvi, mtu wa tumbaku, mtu wa mahindi. Hapo mwandishi wa jumba la mfalme alijishusha, walau mara moja, akawaandika watu wa kawaida, ijapokuwa kwa kazi zao na si kwa majina.

Ile chumvi ilikuwa na safari ndefu. Ilichemshwa kutoka maji ya bahari kwenye pwani ya Belize, mahali panapoitwa Paynes Creek, ambako nguzo za majengo ya wachemshaji na hata kasia la mtumbwi vimekutwa vimehifadhiwa ndani ya tope la mikoko. Kutoka huko iliingia bara kwa mitumbwi na kwa migongo ya watu. Wamaya hawakuwa na punda wala ng'ombe wala farasi, hawakuwa na mkokoteni, na majengo yao yote makubwa waliyajenga kwa zana za mawe. Mzigo ulifungwa kwa mkanda unaopita pajini mwa uso, mchukuzi akainama, akaenda. Kila jiwe la hekalu mnaloliona kwenye kalenda za ukutani lilipanda kwa mgongo wa mtu, katika miezi ambayo shamba halimhitaji.

Kodi nayo. Kwenye kuta za Bonampak, zilizochorwa mwishoni mwa karne ya 8, kuna magunia yameandikwa hesabu yake: kakao vipimo vitano, kila kipimo punje 8000. Jumla punje 40,000. Kakao ilikuwa kinywaji cha karamu, inamiminwa kutoka juu hadi itoe povu, na punje zake zilikuwa pia fedha za sokoni. Mkulima aliyepeleka gunia kwa bwana alipeleka fedha taslimu.

Sasa twende jikoni, maana ndiko ninakotaka kufika.

Jiko la Cerén lilikuwa na mafiga matatu. Mawe matatu, moto katikati, chungu juu. Sina haja ya kuwaeleza wasikilizaji wa Singida, Kisii au Bujumbura jinsi yanavyopangwa. Ila kwa Mmaya mafiga hayo yalikuwa zaidi ya mahali pa kupikia. Pale Quiriguá, nchini Guatemala, lipo jiwe refu la mwaka 775 linalosimulia jinsi dunia ya sasa ilivyoanza, Agosti mwaka 3114 kabla ya Kristo. Siku hiyo, jiwe linasema, miungu waliweka mawe matatu, la kwanza, la pili, la tatu. Dunia ilianza kwa kupangwa mafiga. Na Wamaya wa kabila la K'iche' mpaka leo wakitazama kundi la nyota la Orion huzionyesha nyota tatu wakasema yale ni mafiga, na ule ukungu hafifu ulio katikati ni moshi wake.

Mtu aliyelisimamisha jiwe la Quiriguá anastahili kutajwa. Ni mfalme K'ahk' Tiliw Chan Yopaat. Mwaka 738, akiwa bwana wa mji mdogo uliokuwa chini ya Copán, alimteka mkubwa wake, mfalme wa Copán, akamkata kichwa. Mtu wa damu, na mtu wa majivuno: mnara wake mmoja wa jiwe una urefu wa zaidi ya mita 10. Lakini katika uzee wake, alipotaka kueleza mwanzo wa mambo yote, hakupata picha kubwa kuliko ile ya jiko la mama yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mengi ya fahari yao. Mfalme alivikwa jade ya kijani ili afanane na mungu wa mahindi. Watoto walifungwa vibao kichwani wakiwa wachanga ili paji lirefuke, na wataalamu wengi wanaona huo ni mfano wa gunzi la hindi. Kitabu cha Wak'iche', Popol Vuh, kinasimulia kwamba miungu walimfinyanga mtu kwa udongo, akayeyuka. Wakamchonga kwa mti, akakosa moyo wa shukrani. Ndipo bibi Xmucane aliposaga mahindi mara tisa, na kutokana na unga ule wakapatikana watu kamili. Ajuza mwenye jiwe la kusagia ndiye aliyemaliza kazi iliyowashinda miungu.

Na huyo ajuza alijua jambo ambalo sisi hatukuletewa. Mahindi tunayokula Afrika Mashariki asili yake ni kusini mwa Meksiko, yalikoendelezwa kutoka kwenye majani ya porini miaka 9000 hivi iliyopita. Baada ya safari za Wahispania na Wareno yakavuka bahari, yakaingia huku kwetu, yakawa ugali, makande, githeri. Zikaja punje peke yake. Ufundi wa kuyapika ulibaki kule.

Mwanamke wa Kimaya hakusaga hindi kavu. Alilichemsha kwanza kwa maji yenye chokaa, au jivu, akaliacha lilale humo usiku kucha, asubuhi akaliosha maganda yakatoka, ndipo akalisaga likiwa limelowa. Chokaa hiyo hulegeza vitamini iliyofungwa ndani ya punje, ile ya niasini, mwili ukaweza kuipata. Asiyefanya hivyo na akawa hana chakula kingine ila mahindi, atapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, kisha kifo. Ugonjwa huo uliwamaliza masikini wa Italia ya kaskazini na wa kusini mwa Marekani baada ya kuzoea mahindi, na hapa jirani uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwaka 1990, pale karanga zilipokosekana katika mgao wao. Sisi wengine tumeokolewa na maharage, samaki, maziwa na mchicha. Wamaya nao walipanda maharage na maboga katika shamba lile lile la mahindi, haragwe likapanda bua, boga likafunika ardhi, lakini hawakutegemea kitoweo peke yake.

Hii ni kemia, na iligunduliwa na wanawake kando ya mafiga, bila jiwe lolote lililochongwa kuwasifu. Wamaya walitumia sifuri katika hesabu zao karne nyingi kabla ya Ulaya, na vitabu vyote vinalisema. Ni haki. Lakini nikiambiwa nichague kati ya sifuri na maji ya chokaa, nitasita.

Wafalme walianguka vipi? Si siku moja, wala si kwa sababu moja. Tikal haikuwa na mto. Mji ule ulikunywa mvua, iliyokusanywa kutoka viwanja vilivyopigwa lipu na kuhifadhiwa katika mabwawa, moja likiwa na mchanga na madini ya kuchujia maji. Mtawala ndiye aliyesimamia mabwawa, na yeye ndiye aliyejidai kuzungumza na wenye mvua. Karne ya 9 ukame ukaja, ukarudi, ukarudi tena. Matope ya chini ya maziwa ya Yucatán yameuhifadhi ushahidi wake. Vita vilikuwa vimezidi, misitu imekatwa. Ukimpa mtu jasho lako, kakao yako na mwanao wa kwenda vitani ili alete mvua, na mvua isije, kwa nini uendelee kumpandishia mawe?

Pale Copán kuna madhabahu ya mwaka 822. Upande mmoja umechongwa: mfalme mpya Ukit Took' anakabidhiwa madaraka. Pande nyingine hazikumalizwa. Fundi aliweka patasi chini, na hakuna mfalme mwingine anayejulikana baada ya huyo. Tarehe ya mwisho kabisa iliyochongwa kwa hesabu yao ndefu ya siku iko Toniná, mwaka 909. Wengi walikufa katika miaka hiyo, tusifanye mzaha. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ndege zenye miale ya leza zilizopima msitu wa Petén zimeonyesha zaidi ya majengo 60,000 yaliyokuwa hayajulikani, mengi yakiwa nyumba za watu, na makadirio ya waliokaa katika nyanda hizo wakati wa neema yalifika kati ya milioni 7 na 11. Idadi hiyo haikuendelea kuishi pale. Waliobaki walifunga mizigo, wakahamia kaskazini, pwani na milimani. Chichén Itzá ilistawi, kisha Mayapán. Wahispania walipofika karne ya 16 walikuta watu, masoko, vitabu na wanajeshi waliowatoa jasho. Mji wa mwisho wa Wamaya huru, Nojpetén, uliwashinda hadi Machi 1697. Vitabu havikuwa na bahati hiyo. Julai 1562, mjini Maní, mmisionari Diego de Landa alichoma vyote alivyovikamata, na mwenyewe akaandika kwamba wenyeji walihuzunika mno. Kwa Wamaya wote vimesalia vinne.

Leo Wamaya ni mamilioni, na lugha zao ni 30 hivi. Wamepitia mengine mabaya kuliko ukame. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala, vya mwaka 1960 hadi 1996, waliuawa au kupotezwa watu wapatao 200,000, na tume ya ukweli ilikuta kwamba wengi mno kati yao ni Wamaya, vijiji vizima. Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kik'iche' aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 1992, alipoteza wazazi wake na ndugu katika vita hivyo. Kalenda ya siku 260 bado inahesabiwa katika milima ya Momostenango, na wapo wazee wa kike na wa kiume ambao kazi yao ni kuitunza.

Mwaka 2014 Bunge la Guatemala lilipitisha sheria ya kulinda aina mpya za mbegu, yenye vifungo kwa atakayezitumia bila idhini ya mwenye hati. Wakulima wa Kimaya waliisoma wakaelewa inahusu nini: mahindi waliyokuwa wakichagua mbegu zake kila msimu tangu kabla ya Tikal. Katika mkoa wa Sololá wakafunga barabara kuu. Vyama vya wafanyakazi na vya wanawake vikaungana nao. Mwanzoni mwa Septemba, kabla sheria haijaanza kazi, Bunge likaifuta.